Ndimu za Bibi Juu ya Paneli

Nunu, nimejitoa kwenye tamasha la jangwani. Tamasha langu la kwanza! Nimeshawaandikia, saa nzima sasa.

Siku tatu betri haijai. Kule hakuna umeme, kila mtu anakwenda na wake, na taa zangu za karatasi za kuonyesha huko, bila betri ni makaratasi tu. Nkasema paneli ya sola mbovu. Fundi Khalil aliyeniuzia nimemwita mwizi. Wallahi, mwizi.

Sasa hivi nimepanda juu ya paa. Paneli nzima imejaa ndimu. Bibi kazianika. Ndimu, Nunu!

Namuuliza, ananambia: “Si kitu cha jua hicho? Nnakukaushia wewe, mwanangu. Si umesema huko kila mtu ajibebee chakula chake?”

Nafasi yangu washampa mtu.

Sicheki, silii. Nimekaa hapa juu nazigeuza ndimu, zikauke upande wa pili.