Sauti ya Baba Kwenye Kompyuta ya Ofisi

Mwanza, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi mwili ni mzima, ila barua hii nimeianza mara nne na kuichana. Nimeshindwa kukupigia simu, maana ungesikia kilio kabla sijasema neno.

Ni kuhusu ile sauti ya Baba niliyoirekodi wodini siku mbili kabla hajafariki. Kwenye mazishi ulisema moyo wako bado hauwezi kuisikiliza, niilete kwenye misa ya mwaka. Simu yangu ilipoanza kuzimika ovyo niliihamishia kwenye kompyuta yangu ya masjala, hapa hospitalini, nikiamini huko ni salama. Simu yenyewe baadaye iliibiwa Igoma.

Alhamisi alikuja Masanja, fundi wetu wa kompyuta. Alisema limegunduliwa tundu kwenye kiini cha mfumo, ile sehemu inayoamuru kila kitu ndani ya mashine. Mtu mwenye ruhusa ndogo tu akipita hapo anakuwa bosi wa mashine nzima, anasoma magonjwa ya watu wote. Kompyuta nyingine aliziwekea kiraka, akazizima na kuziwasha, basi. Yangu ikakataa.

“Msomi wa Kihaya, hii mashine yako bibi kizee,” alinitania. “Mfumo wake hautengenezewi viraka tena. Nafuta vyote, naweka mpya. Mafaili ya wagonjwa yapo kwenye mashine kuu. Una chako humu? Sema sasa, nikifuta nimefuta.”

Mkuu wetu alikuwa amesimama nyuma yangu. “Chake kipi? Hiyo ni mali ya ofisi.”

Mama, kuweka vitu binafsi mle ni kosa la kufukuzwa, na mimi bado niko kwenye majaribio. Nikasema, “Hakuna.” Nikasimama pale nikaangalia mpaka ikaisha. Tundu limezibwa. Jana nilimweleza Masanja tukiwa wawili, akashika kichwa: “Dada, si ungenikonyeza tu?” Alijaribu kuirudisha, ikashindikana.

Utaniuliza Baba alisema nini. Sijui, Mama. Alipoanza kukuita kwa lile jina alilokuwa akikuita yeye tu, niliiacha simu kitandani nikatoka nje, kwa sababu maneno yale yalikuwa yenu wawili. Na baadaye sikuwahi kuisikiliza. Nilitaka wewe uwe wa kwanza. Nilichosikia kupitia dirisha ni kwamba aliongea muda mrefu bila kukohoa, na mara moja alicheka. Mengine siwezi kukutungia.

Nitakuja kwenye misa, hata kama hutataka kuniangalia.

Nisalimie shangazi anayekusaidia kuanika kahawa, na kaka yangu mkubwa. Baba mdogo aliyeahidi kukununulia redio ya kadi ya kuisikilizia sauti hiyo, mwambie asihangaike tena.

Mwanao niliyenyamaza,
Adelina