Nani Kaisimamisha Kompyuta

Jumatatu, 1 Juni 1998

Nimefika saa moja na nusu. Kuvua viatu mlangoni, kutoa kitambaa juu ya kompyuta, kuwasha. Dakika nne faili la mauzo ya mafuta ya alizeti ya kiwanda kufunguka. Nne! Mwaka jana lilifunguka kabla sijakaa vizuri.

Sababu naijua. Mafaili yamekatwakatwa, kipande huku kipande kule, diski inahangaika kuvitafuta. Ndiyo maana nimeweka programu ya kupanga diski, ianze yenyewe saa sita na nusu tukienda kula. Wiki ya pili hii. Haijamaliza hata siku moja. Nikirudi naikuta imesimama katikati.

Kuna mtu anaisimamisha. Ofisini tuko watatu: mimi, Meneja na Bi Eufrasia. Meneja hata kuiwasha hajui.

Jumanne, 2 Juni

Meneja katuita. Kiwanda si cha serikali tena, kimepata mwenyewe. Mwisho wa mwezi ofisi inabaki na karani mmoja. Mimi au Bi Eufrasia. Alisoma kwenye karatasi, hakutuangalia usoni. Akaongeza kwamba kama kompyuta inazidiwa mbio na mashine ya taipu, basi mtu wa kompyuta wa nini.

Bi Eufrasia akatabasamu. Ana miaka ishirini na mbili kwenye taipu, na aliyepelekwa Dodoma kusomea kompyuta ni mimi. Hajanisamehe. Kila asubuhi nampa shikamoo, maana ni rika la mama yangu. Anaitikia huku anatazama dirishani. Halafu anaongea Kinyiramba na mpika chai, anajua mimi Mgogo wa Manyoni siambulii kitu. Huo si utani wa makabila. Utani naujua.

Namchukia. Nimeandika.

Jumatano, 3 Juni

Nimesoma kijitabu cha programu, kamusi pembeni. Kumbe unaweza kuiambia iandike matukio yake kwenye daftari la ndani ya kompyuta: imeanza saa ngapi, imesimama saa ngapi, kwa jina la nani. Kwa jina la nani! Nimesoma mstari huo mara tatu. Kuna visanduku kumi na kimoja vya kuchagua. Nimetia alama vyote.

Utaona, Bi Eufrasia.

Alhamisi, 4 Juni

Mjinga mimi. Nimeiambia iandike kila kitu, imeandika kila kitu. Kila kipande cha faili kilichohamishwa kina mstari wake. Maelfu. Daftari limejaa hata nusu saa haijapita, likaacha kuandika. Programu imesimamishwa kama kawaida na hakuna mstari unaosema nani. Hasira hasara.

Nimeondoa alama. Zimebaki nne: kuanza, kusimama, kumaliza, hitilafu. Daftari nimeliongezea nafasi, na likijaa lifute ya zamani kwanza.

Ijumaa, 5 Juni

Nimemkamata. Ni mimi.

Imesimamishwa, saa sita na dakika hamsini na moja, jina: NEEMA. Saa hiyo Neema alikuwa anakula makande kwa mama lishe pale getini.

Kompyuta ina jina moja tu la kuingilia, langu. Mwaka jana Meneja aliniambia nimfungulie Bi Eufrasia jina lake. Nikasema baadaye. Nikasema moyoni, bibi kizee yule wa nini. Roho mbaya tu, hakuna kingine. Neno langu la siri analo: wiki ya msiba wa baba nilimwandikia kwenye karatasi atoe barua moja ya haraka. Sikulibadilisha.

Sasa hata nikienda kwa Meneja, daftari linanitaja mimi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumatatu, 8 Juni

Nimemfungulia jina: EUFRASIA. Neno la siri kachagua mwenyewe. Langu nimelibadilisha. Nilimwendea na tabasamu la muuza nyanya.

Akauliza mara mbili kama ni lake peke yake. Akasema, "Asante, mwanangu."

Mwanangu! Nilitoka nje upesi. Sitaki huruma saa hizi.

Jumanne, 9 Juni

Imesimamishwa, saa sita na dakika arobaini na nne, jina: EUFRASIA.

Nilirudi mapema kuhakikisha. Viatu vyake vya kahawia mlangoni. Ndani vidole vinakimbia kama mvua kwenye bati. Nikachungulia pembeni ya pazia. Alikuwa anapiga upya barua za wakulima wa alizeti wa Mkiwa, kwenye kompyuta, miwani imeshuka puani. Hakuwa anaharibu kitu. Anajifunza. Programu ikianza mashine inakuwa nzito, basi anaisimamisha apate kufanya kazi.

Ningeweza kunyamaza. Sitanyamaza. Nafasi ni moja.

Jumatano, 10 Juni

Nimeuchapa ukurasa wa daftari, nimempelekea Meneja. Nimemweleza: kompyuta haijikokoti kwa sababu yangu, huyu hapa anayeizuia, jina na saa.

Akasoma. Akasoma tena. Akauliza, "Kumbe Bi Eufrasia kompyuta anaiweza?"

Nikasema anaizuia, mzee. Hakunisikia. Alikuwa anatikisa kichwa, amefurahi. Mama yule anamjua kila mkulima, anajua kila barua tangu kiwanda kifunguliwe. Alichokosa ni kompyuta tu, na wote tulidhani haiwezi.

"Acha hiyo karatasi hapa," akasema.

Nimeiacha.

Ijumaa, 26 Juni

Barua zimetoka. Ya kupunguzwa ni yangu.

Nimetukana kwa Kigogo. Mpika chai akacheka. Kumbe anaelewa.

Jumanne, 30 Juni

Siku ya kukabidhi. Nimemwonyesha mafaili, printa, karatasi zilipo. Nilipanga kumficha kazi ya diski ahangaike nayo mwenyewe. Nikaiona aibu. Nikamwelekeza yote: ratiba, visanduku vinne, daftari. Alinakili kwa hati mkato, haraka, bila kuniuliza mara mbili.

Saa sita na nusu aliianzisha yeye. Hatukwenda kula. Tulikaa tunaitazama, mikono mapajani, vipande vinasogea kimoja kimoja. Kompyuta ni yake sasa kutwa nzima, hakuwa na sababu ya kuisimamisha tena. Saa saba na robo ikafika mwisho. Faili la mauzo likafunguka papo hapo.

Nikafungua daftari. Imekamilika, jina: EUFRASIA. Ndio mstari wa kwanza wa namna hiyo.

Bi Eufrasia akasema twende tukale, makande yanapoa. Nikaenda naye.