Saa ya Mgonjwa Mkononi mwa Mkewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaumbuka. Mume wangu ni fundi cherehani, miezi saba iliyopita alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, basi mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamvalisha saa inayohesabu kila mkono unapojongea, ukitulia sana inatetemeka kumkumbusha, na jioni hesabu zinamfikia mtaalamu kwenye simu naye anatutumia pongezi. Mwanzoni ilikuwa raha, lakini hesabu zikadorora, mume wangu akaanza kuitukana saa, "Hata hili nalo linanisimanga!", na mimi ndiye namwogesha, ndiye namvalisha, ndiye nashona nguo za wateja wake, nimechoka mshauri, siku moja nikaivaa mwenyewe nikakaa kwenye cherehani. Hesabu zikapaa. Mtaalamu akaandika, "Hongera baba, wewe ni simba!" Mume wangu akacheka mara ya kwanza tangu augue: "Simba mwenyewe yuko kwenye cherehani." Tukaendelea hivyo wiki tatu, na sasa mtaalamu anasema amepona vya kutosha, Jumatatu anafunga faili lake ampe nafasi mgonjwa mwingine. Juzi mchana nilisinzia pale kwenye cherehani, nikashtuka namwona ananivutia shuka begani kwa mkono ule ule mbovu, vidole vinatetemeka, nikajifanya nimelala huku moyo unalia. Nikisema tutaaibika, nikinyamaza mkono ndio basi tena. Nifanyeje?
Mke wa Fundi

Pole, mama. Kuuguza kunachosha, na anayebisha hajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani. Lakini hapo kwenye saa mmejiroga wenyewe. Mlidhani mnamdanganya nani? Mtaalamu ana mikono yake miwili, mizima.

Njia ya mwongo ni fupi, na yenu inaishia Jumatatu. Usiingoje. Mpigie leo, mumeo akiwa pembeni, mseme wote wawili. Atafoka, mtamsikiliza, faili litabaki wazi. Mwambie pia kwamba saa inamvunja moyo mgonjwa, apunguze lengo. Kopo la vifungo hamkosi: muulize kama mumeo anaweza kuchambua vyeusi na vyeupe kwa mkono wa kulia wewe ukishona. Aanze na kumi tu. Akimaliza msifu kwa mdomo wako, usiiachie simu kazi hiyo. Na ndugu akijitolea kumwogesha, mpishe ukalale, acha ushujaa.

Saa mrudishie sasa hivi. Mkono ule ulipokufunika shuka ulifanya kazi kubwa kuliko zote tangu augue, na hakuna aliyeihesabu, kwa sababu saa ulikuwa umeivaa wewe.