Kibuyu cha Mama Yako

Mjukuu wangu Chebet,

Hapa Sosiot hatujambo. Majani ya chai yamechipuka vizuri na ng'ombe amezaa. Umeniuliza mfanye nini na ndugu yako mdogo anayekataa chakula.

Miaka ya tisini mama yako alikuwa hivyo hivyo. Akiona mursik, maziwa yetu ya kibuyu, anafunga mdomo. Mimi nilibembeleza, nikafoka, wapi! Mama mkwe wangu, aliyenishinda akili, alimpa kibuyu kidogo chake mwenyewe. Akamfundisha kukisugua ndani kwa mkaa, wakatia maziwa, wakangoja yagande.

Siku ya kukifungua, mama yako alikunywa wa kwanza. Halafu akatumiminia sote, akasimama mlangoni: "Hakuna mtu kutoka bila kumaliza!"

Nyanya yako