Kebo ya Pili Chini ya Boneti

Jumanne, 5 Machi
Kianjai saa kumi na mbili asubuhi. Nimempakia Mama kwenye vani yangu, kiti chake cha magurudumu nyuma. Meru mjini kusafishwa damu, kama kila Jumanne na Ijumaa. Kwenye mteremko nimekanyaga breki, vani ikashindana na mguu wangu. Injini inavuta yenyewe. Mbuzi mbele. Nikatia gia nyutro, injini ikapiga kelele, nikazima. Tukasimama majanini. Mbuzi wazima. Mama pia. Niliogopa sana.

Jumatano, 6 Machi
Gereji, Nchiru. Fundi Kirimi ameliendesha gari mara mbili, halikuleta shida.
“Mwalimu, labda ulikanyaga mafuta ukidhani ni breki.”
Miaka ishirini naendesha! Hasira mpaka masikio yakawaka. Baadaye amekubali: huenda ni kruzi, kile kifaa cha kushikilia mwendo bila mguu. Sijawahi kukitumia. Kinaongozwa na kisanduku fulani. Kiko wapi? Hajui. Gari kuukuu, kitabu chake ni cha Kijapani tu.

Alhamisi, 7 Machi
Dashibodi yote chini. Redio nje. Viti nje. Hakuna kisanduku. Siwezi kukaa. Nazunguka gereji kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ijumaa, 8 Machi
Hatukwenda. Teksi ya pekee yenye nafasi ya kiti cha Mama imeenda mazishi Embu. Kirimi amerudisha gari, ameshindwa. Hospitali wamesema Mama akizidiwa tumlete wakati wowote. Najilaumu.

Jumamosi, 9 Machi
Mama ameamka miguu imevimba. Ukibonyeza, shimo linabaki. Anahema akiongea. Nimempigia binamu yangu Njeru, fundi wa malori. Yuko Kiambere kazini, mbali mno kuja.
“Dada, acha kutafuta kisanduku,” amesema. “Fungua boneti. Pale kebo ya mafuta inaposhika injini, hesabu. Ziko ngapi?”
Mbili.
“Moja inaenda kwa pedali. Fuata ile nyingine.”
Nimeifuata kwa vidole, simu begani. Nyuma ya betri, chini, ndani ya madigadi ya kushoto, juu ya gurudumu. Kisanduku cheusi, ukubwa wa nusu mkate, kimejaa tope. Nyaya zimeota kutu ya kijani. Nilipiga kelele peke yangu uani.
“Ndicho kinachovuta mafuta chenyewe. Toa hiyo kebo, chomoa na soketi. Gari halikihitaji.”
Spana imeniteleza, kidole kimechubuka. Nimetoa. Nimelijaribu kwenye uwanja wa shule, juu chini, mara sita. Breki inashika, injini inatulia. Bado sikuamini. Nimerudi nyumbani, Mama yuko mlangoni ameshika fremu ya mlango.
“Mwari, binti yangu, twende tu.”
Tumeenda. Kila mteremko nimeuingia kwa gia ndogo, shati limelowa jasho. Wenye haraka walinipigia honi. Wapige. Tulipofika wamemwingiza moja kwa moja.

Jumapili, 10 Machi
Bado hospitalini. Wamemtoa maji mengi. Anapumua vizuri. Asubuhi ameomba uji, akamaliza kikombe. Kisha ameshika mikono yangu, akaigeuza, akaona grisi chini ya kucha. Amecheka kidogo. Akalala akiwa bado amenishika.

Nje mvua imeanza. Sijainuka kufunga dirisha.