Ua wa Nyuma ya Machimbo

Kitengela,
Jumapili, tarehe mosi Juni.

Kwa kaka yangu Obura,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kitengela, ambako vumbi halikungoja hata mvua iishe vizuri. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi yangu na watoto mkiwa wazima, na kwamba jua la Lodwar limekuachia nywele kidogo kichwani. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inachemka, na imechemka tangu Aprili.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu nikianza kueleza unanikatiza, unasema fupisha Akoth, niko kazini. Jambo hili halifupishiki. Nimempa barua Kavutha, yule nesi wa kanisani kwetu aliyehamishiwa huko, naye ameahidi kukukabidhi mkononi.

Umeniuliza mara tatu naondoka tarehe ngapi kwenda Uswidi, na mara zote tatu nilijifanya network ni mbaya. Haikuwa mbaya. Siendi Uswidi, Obura. Nafasi yangu amepewa mwalimu Nzula wa Isinya, na yeye ndiye atakayepanda ndege Septemba kwenda kuwafuata wale paa wakubwa wa msitu wao wa baridi. Tafadhali usianze kumpigia simu mwalimu mkuu wangu. Soma mpaka mwisho kwanza.

Mpango unaukumbuka. Walimu wanne wa Uswidi walikuwa waje kwetu likizo ya Aprili wajiunge na watafiti wanaowafuatilia nyumbu wa nyanda hizi, halafu mwalimu mmoja wa Kajiado aende kwao akafanye vivyo hivyo. Tuliomba walimu arobaini na mmoja, nikachaguliwa mimi, kwa sababu ya ile klabu ya wanyama niliyoanzisha shuleni. Mama alitangaza kanisani mpaka pasta akamwomba apunguze. Amekwisha kuninunulia koti zito la mtumba, nami nimelivaa wiki hii yote hapa hapa nyumbani, kwa maana baridi imeanza mapema na sina pengine pa kulivaa.

Basi wageni walifika, na wakanichosha kabisa. Walitoka kwao wakidhani watalala kati ya simba. Mmoja alikuja na kamera ambayo ilihitaji begi lake na kiti chake kwenye gari. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea kando ya ua za watu. Nyumbu wamepungua huku kwa sababu njia zao zimezibwa, na waya wa seng'enge hauonekani kwenye picha zinazopigwa kutoka angani, kwa hivyo lazima mtu apite kwa miguu, aandike kila ua una nyuzi ngapi, una urefu gani, una lango au hauna. Pasipo na ua unaandika sifuri. Siku kumi na mbili, kutoka Kitengela kuteremka mpaka karibu na Kajiado, jua utosini, tukihesabu nyaya. Kufikia siku ya tatu yule wa kamera alikuwa akipiga picha viatu vyake.

Tena walinichukulia kuwa mimi ni Mmaasai. Kila tukikutana na mchungaji wananisukuma mbele niongee. Mimi nilikuwa nasalimu sopa, na hapo Kimaasai changu kimekwisha, namwachia Parsaoti. Mwalimu mmoja aliniuliza kama utotoni nilikuwa nafukuzwa na simba nikienda shule. Nilimjibu kwamba nilikulia Rangwe na kitu pekee kilichowahi kunifukuza ni bata mzinga wa jirani. Aliandika jibu hilo kwenye daftari, sijui la nini. Mwingine aliuliza mbele ya watu kwa nini Wakenya hawawapendi wanyama wao. Niliuma ulimi. Aliyekuja kwa ndege kuhesabu nyumbu wetu anataka pia kuhesabu mapenzi yetu.

Huyo Parsaoti ndiye aliyekuwa mwongozaji wetu. Ni mtu mzima, baba wa watoto watano, mpole, anayejua kila korongo na kila boma la upande ule. Mtoto wake wa mwisho, Naisenya, yuko darasani kwangu. Watafiti walikuwa wamemchukua kwa majaribio, na kama kazi ya Aprili ingeenda vizuri angeandikwa kabisa. Tulifanya kazi wawili wawili, mimi nikapangiwa naye. Mimi naandika, yeye anaonyesha njia, na jioni yeye kama mwongozaji anatia sahihi kwamba kipande cha siku hiyo kimetembewa chote.

Kiongozi wa safari alikuwa Bi Annika, mtaalamu wa wanyama, mwanamke mrefu asiyecheka kabla ya chai na ambaye hata baada ya chai hacheki sana. Wiki ya mwisho alituita sote kwenye nyumba waliyopanga Kajiado mjini atuonyeshe ramani iliyokamilika. Juu ya ramani yetu ya ua alilaza njia za nyumbu jike mmoja aliyevishwa kola ya redio. Wageni walikuwa wamempa jina la Malkia. Parsaoti alimwita Namba Nne, kwa kuwa ndivyo kola ilivyoandikwa.

Obura, ulikuwa mstari wa ajabu. Namba Nne anatoka kaskazini, anakuja moja kwa moja asubuhi, anafika mahali kwenye kipande cha kumi na moja, nyuma ya machimbo ya mawe, anasimama. Kisha anakata kona na kuzunguka karibu kilomita nne ndipo afike upande wa pili kwenye majani. Kesho yake tena. Siku tisa mfululizo. Na kwenye ramani yetu, hapo aliposimama, palikuwa peupe. Sifuri. Hakuna ua.

Bi Annika alisema yapo mambo mawili tu. Ama kola imeharibika, ama kuna mtu hakutembea kipande hicho na akatia sahihi kwamba alitembea. Akafungua karatasi, akasoma jina la aliyetia sahihi. Chumba kizima kikamgeukia Parsaoti. Alitazama ramani, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba labda siku hiyo macho yake iko na shida, hakuona vizuri. Bi Annika alimwambia mtu asiyeona hawezi kuongoza wengine, na kwamba kazi yake itaishia Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilirudi kwenye kitanda changu nikiwa na hasira na Annika, na wageni, na mpaka yule mnyama, ambaye angeweza kupita mahali pengine popote katika kaunti hii.

Huenda umeshatambua ni mahali gani. Nyuma ya machimbo, Obura. Kulia kuna shimo la mawe, kushoto kuna ule ua mrefu wa mkulima wa nyanya, na katikati ndiyo nafasi pekee iliyokuwa imebaki wazi, hadi mimi na wewe tuliponunua ploti zetu mbili na wewe ukazungusha nyuzi tano za seng'enge kabla hata hatujachimba choo. Aliyeandika sifuri ni mimi.

Sikulaumu kwa ua. Najua uliogopa ploti isiuzwe mara mbili kama ya rafiki yako, na huku ploti isiyo na ua kila dalali huifanya yake. Lakini siku wageni walipofika shuleni nilikuwa nimesimama mbele yao na mbele ya watoto wa klabu nikahutubu. Niliwasema vibaya watu wa mjini wanaonunua kipande cha ardhi na kukifunga waya huku wao wenyewe wanaishi kwingine. Nilipigiwa makofi. Siku nne baadaye tukatokea nyuma ya machimbo nikauona ua wetu, na kufuli letu kwenye lango. Mkuki kwa nguruwe. Nikamtuma Parsaoti akaangalie boma lililokuwa ng'ambo ya korongo, nikamwambia hapa nitamaliza peke yangu. Alipokwenda niliandika sifuri. Sikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikilikumbuka. Niliwaza Uswidi tu. Niliona wakijua kwamba patroni wa klabu ya wanyama ndiye aliyeziba njia, watampeleka mtu mwingine.

Usiku wa Jumatano na siku nzima ya Alhamisi nilikaa kimya. Nilijiambia Parsaoti atapata kazi nyingine. Nilijiambia nitakaporudi kutoka Uswidi nitamtafutia kitu. Nilipanga mambo mengi mazuri ya kumfanyia, na yote yalianza baada ya mimi kupanda ndege. Ijumaa asubuhi nilimkuta uani akikunja ile fulana ya kazi waliyompa, anaikunja kwa uangalifu ili airudishe ikiwa safi. Nikaingia ndani nikamwambia Bi Annika mbele ya wote, kabla miguu haijabadilisha nia.

Hakufoka. Ningependa angefoka. Alichukua kifutio, akafuta sifuri, akaniuliza ni nyuzi ngapi. Nikasema tano. Akaandika tano. Akauliza urefu na kama kuna lango. Akaandika. Jioni ndipo aliponiita kando na kusema kwamba hawezi kusafiri na mtu anayeandika anachotaka badala ya anachokiona, na kwamba anasikitika. Nilimwamini kuwa anasikitika. Parsaoti alirudishiwa fulana yake, na kuanzia mwezi huu ameandikwa kabisa.

Nilipomwendea kumwomba radhi nilimuuliza kwa nini alikubali kubeba kosa ambalo hakulijua. Akaniambia alilijua. Tangu jioni ile ile alipokuwa akitia sahihi alijua, maana ua huo ameuchimbia mashimo yeye mwenyewe. Kumbe unamfahamu, kaka. Ni yule uliyempata kupitia kwa fundi wa Kisaju wakati mimi nilikuwa nasahihisha mitihani, ambaye uliniambia amefanya kazi ya siku nne kwa siku mbili. Alikuwa ameona jina langu kwenye zile karatasi za mauzo ulipowaonyesha mipaka. Nikamuuliza mbona basi hakunitaja. Akasema yeye si mtu wa kumwaibisha mwalimu wa mtoto wake mbele ya wageni, na kwamba alikuwa ananingoja niseme mwenyewe. Akaongeza kwamba siku mbili si nyingi. Obura, nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini hakuna tusi lililoniingia kama upole ule.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo utalikasirikia kwa haki. Jumamosi iliyofuata mimi na Parsaoti tulikwenda kwenye ploti na koleo mbili za kukatia, tukaondoa nyaya zote za upande wa kaskazini na wa kusini. Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua ungesema tungoje, tuongee, na tungeongea mpaka Krismasi. Nguzo zipo zote. Alama za mipaka zipo, nimezipaka rangi upya na kuzipiga picha. Nyaya nimezikunja, ziko chini ya kitanda changu. Nusu ya ua ilikuwa yako, nami nimeikata kama yangu. Hilo ni kosa la pili na nalikiri, ingawa sijutii kama la kwanza.

Mama bado hajui. Naomba umwambie wewe, maana mimi atanisamehe haraka mno na sitaki kusamehewa haraka. Mwambie binti yake hakunyang'anywa nafasi na mtu yeyote. Asije akamwombea Nzula mabaya, nafasi aliipata kihalali.

Nilidhani baada ya hayo yote angalau ningepata kitu kimoja cha kunifurahisha. Ni wiki ya tano sasa tangu tukate waya. Parsaoti hunitumia ujumbe kila asubuhi kabla sijaingia darasani, na namshukuru kwa kuwa hajawahi kunidanganya. Namba Nne anakuja mpaka pale pale, anasimama, halafu anazunguka ua ambao haupo.

Nisalimie wifi na watoto, mwambie mkubwa asome hisabati. Msalimie Kavutha kwa heshima atakapokuletea barua hii, na umpe chai, maana njia ni ndefu. Ukishamaliza kukasirika nipigie, hata kama ni usiku, nami sitasema network ni mbaya.

Ni mimi dadako,
Akoth.