Vizibo Ulivyovitupa

Baba watoto,

Maharage yako jikoni, yapashe moto mwenyewe. Ukimaliza funga gesi. ~~Chai iko kwenye chupa.~~ Chai nimeimwaga, jichemshie.

Vile vizibo vya soda ulivyovikumba asubuhi ukavitupa, eti meza imegeuka jalala, havikuwa takataka. Binti yako ana mtihani wa kemia kesho. Juzi aliandika alumini na oksijeni kuwa AlO, mwalimu akaisoma kwa sauti, darasa zima likamcheka. Ndipo akabuni njia yake: akachora nukta kwenye vizibo, kila nukta ni mkono mmoja wa atomu wa kushikana na nyingine. Vizibo viwili vyenye nukta tatu tatu ni alumini, vitatu vyenye nukta mbili mbili ni oksijeni. Nukta sita huku, sita kule, ngoma droo. Akaandika Al₂O₃, na jina chini yake: oksidi ya alumini. Hakuna aliyemsaidia. Akaviacha vimepangwa pale ili uvione ukinywa chai, maana alitaka akuonyeshe wewe, wala si mimi.

Nawe hata kuuliza hukuuliza. Mtoto kajifuta machozi kwa sketi ya shule, kaondoka bila kutia kitu mdomoni.

Pipa la taka bado liko nje. Vizibo ni vitano. Uvitoe kwa mkono wako, uvioshe taratibu nukta zisifutike. Usithubutu kumtuma mdogo wake.

Akirudi usijitie kujua. Kaa chini umwambie, "Nifundishe, mwanangu." Ukishindwa hilo, hayo maharage usiyaguse.

Mama watoto